SOMO KWA MAKATIBU: MASHINE YA KUJUMLISHA NA UKANDA WAKE WA KARATASI



Wahenga walituusia ya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usia huo waujua kila mtu aliyepata kushika kalamu katika ofisi ya ushirika. Hata hivyo, daftari peke yake halitoshi. Daftari lililojumlishwa vibaya hupoteza mali likiwa wazi juu ya meza, mbele ya macho ya mwenyewe, naye asijue.

Somo la safari hii lahusu chombo cha kale cha ofisi, yaani mashine ya kujumlisha iliyoendeshwa kwa vitufe na mkono wa kuvuta, isiyohitaji umeme wala betri. Wengi wenu mmeisikia tu, na vijana huenda hawajaiona kabisa. Twaieleza hapa kwa kuwa ndani yake mna utaratibu mmoja wa kazi ambao kalkuleta na simu za leo zimetusahaulisha, na ambao kila chama cha msingi, toka Masasi hadi Newala, kingali kinauhitaji kila msimu wa korosho unapofunguliwa.

1. Kazi ambayo haikubadilika

Mambo mengi yamebadilika katika biashara ya korosho ya kusini. Katika msimu wa 1973/74 zao la nchi nzima lilizidi tani 140,000. Kufikia msimu wa 1986/87 lilikuwa limeanguka chini ya tani 20,000. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na ununuzi wa korosho ukawa mikononi mwa mamlaka ya zao hilo. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1982 ikaturudisha tena katika njia ya vyama vikuu na vyama vya msingi. Katika msimu wa 2007/08 mfumo wa stakabadhi ghalani ukaanza mkoani Mtwara, na korosho zikawa zinakusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada. Leo wakulima wa Masasi, Nanyumbu na Mtwara huuza kupitia vyama vyao vilivyo chini ya MAMCU, na wale wa Newala na Tandahimba kupitia vilivyo chini ya TANECU.

Katika mabadiliko hayo yote kazi moja imebaki vile vile. Kilo za mkulima mmoja mmoja hupimwa, huandikwa, kisha hujumlishwa pamoja na kilo za wenziwe ili ziwe mzigo mmoja wa kuuzwa. Fedha inaporudi kutoka mnadani, safari hiyo huanza upya kwa kurudi nyuma: fedha moja kubwa hugawanywa kwa watu wengi, kila mtu kwa kadiri ya kilo zake. Kujumlisha na kugawanya ndio mwili na roho ya chama cha mazao. Mkulima aliyepalilia, akapuliza salfa, akaokota korosho moja moja chini ya mti na kuzianika, hukabidhi kazi yake ya mwaka mzima kwa karani mwenye kalamu. Tarakimu ikienda kombo hapo, jasho lake limekwenda kombo.

2. Asili ya mashine

Tamaa ya kuwa na chombo cha kuhesabia ni ya zamani sana. Mwaka 1642 kijana mmoja wa Ufaransa, Blaise Pascal, alianza kubuni mashine yenye magurudumu ya meno ili amsaidie baba yake aliyekuwa na kazi ya hesabu za kodi. Mwaka 1820 Mfaransa mwingine, Charles Xavier Thomas wa mji wa Colmar, alipata hataza ya mashine ambayo baadaye iliuzwa kwa ofisi nyingi za Ulaya. Lakini mashine iliyoingia katika benki na ofisi za kawaida duniani ilitoka Marekani mwishoni mwa karne ya 19.

Hapo walikuwapo watu wawili ambao yafaa tuwalinganishe. Wa kwanza ni Dorr E. Felt wa Chicago, aliyepata hataza ya mashine yake mwaka 1887. Mashine hiyo ilikuwa ya kasi sana: ukibonyeza kitufe, namba inajumlishwa papo hapo, na jibu linaonekana katika vijidirisha. Ila haikuacha maandishi yoyote. Wa pili ni William Seward Burroughs, aliyekuwa karani wa benki katika mji wa Auburn, jimbo la New York, kabla hajahamia St. Louis. Burroughs aliijua kazi ya karani kwa kuifanya, pamoja na saa nyingi zinazopotea kutafuta kosa katika safu ndefu ya tarakimu. Yeye alitaka mashine itakayojumlisha na kuandika kwa wakati mmoja. Kampuni yake iliundwa mwaka 1886, na hataza zake zikatolewa mwaka 1888.

Mashine zake za kwanza, zipatazo 50, hazikufaulu. Sababu yake ina mafunzo. Mtu aliyeuvuta mkono kwa nguvu alipata jibu moja, na aliyeuvuta polepole alipata jingine. Burroughs alitibu ugonjwa huo kwa kuweka ndani ya mashine silinda yenye mafuta na pistoni, ambayo ilizuia haraka ya mvutaji. Tangu hapo hata mtu mwenye hasira au pupa alipouvuta mkono, magurudumu ya ndani yalikwenda kwa mwendo ule ule mmoja. Hesabu ikawa haifuati tena tabia ya anayehesabu. Burroughs alifariki mwaka 1898, na mwaka 1905 kampuni ikachukua jina lake. Hata Felt naye alitengeneza baadaye mashine ya kuandika, maana wateja walikwisha kuonja faida ya maandishi.

3. Jinsi ilivyofanya kazi

Mashine ya aina hii ilikuwa kasha zito la chuma. Juu yake palikuwa na safu za vitufe zilizosimama sambamba: safu ya mamoja, ya makumi, ya mamia, na kuendelea. Kila safu ilikuwa na vitufe tisa, kuanzia 1 hadi 9. Kitufe cha sifuri hakikuwapo, kwa sababu safu isiyobonyezwa ilihesabiwa kuwa sifuri.

Tuseme karani anataka kuingiza kilo 154. Hubonyeza 1 katika safu ya mamia, 5 katika safu ya makumi na 4 katika safu ya mamoja. Vitufe hivyo hubaki vimezama, na bado hakijajumlishwa kitu. Karani hupata nafasi ya kutazama hati, akatazama vitufe, akahakikisha kwamba vinapatana. Akishatosheka huuvuta mkono wa pembeni. Hapo vyuma vya ndani husogea kwa kadiri ya vitufe vilivyobonyezwa, namba hupigwa chapa juu ya ukanda wa karatasi kwa utepe wa wino, na magurudumu ya kuhesabia huzungushwa. Gurudumu linalopita 9 na kurudi 0 hulisukuma gurudumu la jirani yake hatua moja, kama tunavyohamisha moja kwenda safu ya makumi tunapojumlisha kwa kalamu.

Mwishoni karani hubonyeza kitufe cha jumla na kuuvuta mkono. Jumla huandikwa chini ya namba zote, pamoja na alama yake maalumu, na magurudumu hurudi kwenye sifuri.

Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya Uingereza zilihitaji safu za namna ya pekee, maana huko peni 12 zilifanya shilingi na shilingi 20 zilifanya pauni, hadi walipohamia hesabu ya makumi mwaka 1971. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1921, ilikuwa na senti 100, na shilingi yetu ya Tanzania iliyoifuata mwaka 1966 ilikuwa hivyo hivyo. Kwa sababu hiyo mashine ya kawaida ya makumi iliifaa fedha yetu bila marekebisho.

Mwaka 1914 ikaja mashine ya Sundstrand, ya Marekani, yenye vitufe kumi tu, na mpangilio wake ndio tunaouona mpaka leo katika kalkuleta. Miaka ya 1960 zikaanza mashine za elektroniki, na miaka ya 1970 zikaja kalkuleta za mfukoni. Zama za mkono wa kuvuta zikaisha.

4. Ukanda wa karatasi ulifanya kazi gani?

Huenda ndugu msomaji akadhani kwamba thamani ya mashine ile ilikuwa katika kujua kujumlisha. Kujumlisha hata kalamu yaweza. Thamani yake kubwa ilikuwa ukanda. Ukanda ulihifadhi kila namba iliyoingizwa, kwa mpangilio ulioingizwa, na jumla chini yake. Kwa hiyo mtu wa pili, ambaye hakuwapo karani alipokuwa akihesabu, aliweza kuuchukua ukanda kwa mkono mmoja na hati kwa mkono wa pili, akaweka alama ya vema namba kwa namba. Hakulazimika kumwamini karani, wala hakulazimika kumshuku. Alifuata nyayo zake tu.

Makarani waliofunzwa vizuri walikuwa na desturi tatu za ukanda. Kwanza, kabla ya kuingiza namba yoyote waliuvuta mkono kwa kitufe cha jumla, ili ukanda uonyeshe kwamba mashine ilianza na sifuri. Ukanda usio na ushahidi huo uliweza kuwa umebeba mabaki ya hesabu ya mtu mwingine. Pili, walihesabu idadi ya hati na idadi ya mistari ya ukanda, zikalingana. Tatu, waliandika juu ya ukanda tarehe, jina la kazi na sahihi, wakaubana pamoja na hati zake.

Desturi hizo tatu hazikudai chuma wala mafuta. Zilidai nidhamu, na nidhamu haijapitwa na wakati.

5. Kosa la tarakimu na jinsi ya kulisaka

Sasa tufanye zoezi. Tuseme siku moja chama kimepokea korosho kwa hati tano:

Hati 041: kilo 86
Hati 042: kilo 154
Hati 043: kilo 63
Hati 044: kilo 217
Hati 045: kilo 108
Jumla: kilo 628

Katibu amejumlisha orodha yake, akapata jumla isiyolingana na daftari la mizani. Afanyeje? Asianze kuhesabu upya kwa pupa, kwa maana mtu aliyechoka hurudia kosa lile lile. Na achukue tofauti, aiulize maswali kwa utaratibu huu.

Swali la kwanza: je, iko hati yenye kiasi kinacholingana na tofauti? Jumla ikiwa 520, tofauti ni 108. Hati 045 ina kilo 108. Bila shaka imerukwa. Idadi ya hati ingalimwambia jambo hilo mapema, maana angalikuta nne badala ya tano.

Swali la pili: je, nusu ya tofauti yaonekana mahali? Hili hutokea penye kutoa na kujumlisha. Makato ya shilingi 3,500 yakijumlishwa badala ya kutolewa, tofauti itakuwa shilingi 7,000, na nusu yake ni yale makato yenyewe.

Swali la tatu: je, tofauti yagawanyika kwa 9 bila baki? Jumla ikiwa 601, tofauti ni 27. Gawanya kwa 9, utapata 3. Tafuta hati ambayo tarakimu zake mbili zinazofuatana zinatofautiana kwa 3. Hati 043 ni 63, na 6 kutoa 3 ni 3. Mwandishi aliandika 36 mahali pa 63; tarakimu zimebadilishana viti. Vivyo hivyo jumla ikiwa 2,014, tofauti ni 1,386, na ukiigawanya kwa 9 unapata 154. Hiyo ndiyo hati 042, iliyoandikwa 1,540 kwa kuongezewa sifuri.

Angalieni kwamba utaratibu wa maswali una maana yake. Ile 108 ya swali la kwanza nayo yagawanyika kwa 9. Katibu atakayelirukia swali la tatu kabla ya la kwanza atatafuta tarakimu zilizobadilishana viti hadi usiku, hali ya kuwa hati imelala chini ya meza.

Kwa nini 9? Kwa kuwa tarakimu inapohama kutoka mamoja kwenda makumi, thamani yake huwa mara kumi. Yaani imeongezeka kwa mara tisa ya ilivyokuwa. Kila tarakimu inapohama kiti huacha alama hiyo ya tisa nyuma yake, kama mnyama aachavyo unyayo mchangani.

6. Jumla sahihi, haki iliyopotea

Hadi hapa tumesema juu ya makosa yanayoonekana katika jumla. Yako na mengine ambayo jumla huyaficha, nayo ndiyo ya hatari.

Katika chama kimoja, ambacho hakina haja ya kutajwa, mama mmoja mwanachama alifika na stakabadhi yake ya kilo 63, akilalamika kwamba amelipwa kilo 36. Orodha ya malipo ilifunguliwa, na kweli ilisema 36. Alijibiwa kwamba orodha haiwezi kuwa na kosa, kwani jumla yake inapatana na jumla ya mizani hadi kilo ya mwisho. Mama akaambiwa stakabadhi yake ndiyo yenye kasoro. Aliondoka, akarudi wiki iliyofuata, akaondoka tena.

Ukaguzi ulipofanywa, hati zote zilisomwa moja moja kwa sauti mbele ya wajumbe. Mstari wa mama ulikuwa na upungufu wa kilo 27, na mstari uliofuata ulikuwa na ziada ya kilo 27. Aliyeandika orodha alikosea kwa kubadilisha tarakimu. Alipoona jumla imepungua kwa 27, hakulisaka kosa. Alichukua 27 akaziongeza katika mstari wa jirani ili jumla ikubali. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa kilo, mama yule alinyimwa shilingi 81,000, na jumla ya orodha ilikuwa safi kama maji ya mtungi.

Ndugu Makatibu, tendo hili lina jina: kulazimisha urari. Pengine hufanywa na mtu asiye mwizi, aliyechoka, anayesubiriwa na gari la kwenda ghalani. Lakini matokeo yake kwa mwanachama hayana tofauti na ya wizi. Anayeona jumla haipatani hana budi kuiandika tofauti hiyo wazi, aitie sahihi, kisha aitafute. Tofauti iliyoandikwa ni jeraha linaloweza kutibiwa, iliyofunikwa huoza.

Hali kadhalika tusichanganye kosa la hesabu na unyaufu. Korosho zikikaa hupungua maji, na uzito wa ghalani waweza kuwa pungufu kuliko ule wa chamani. Upungufu huo una utaratibu wake wa kuripotiwa, na hati zake. Si shimo la kutupia kila tofauti tusiyoweza kuieleza. Katibu asemaye "ni unyaufu" kabla hajajumlisha upya hati zake amekwisha kuacha kazi yake.

Mashine ya Burroughs isingaligundua kosa la mama yule, kwa maana mashine haijui majina ya watu. Ila ukanda wake, ukisomwa na mtu wa pili pamoja na stakabadhi, ungaliligundua kwa dakika chache. Kupatana kwa jumla ni mwanzo wa ukaguzi; mwisho wake ni kupatana kwa kila mstari na stakabadhi iliyo mkononi mwa mwanachama.

7. Kujumlisha chini na pembeni

Kinga nyingine iliyopendwa na makarani wa zamani ni kujumlisha safu kwenda chini na mistari kwenda pembeni. Tuchukue wanachama watatu wa kwanza, kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 na makato ya mfano ya shilingi 200 kwa kilo. Wasomaji wasizichukue kuwa bei na makato ya msimu wowote.

Hati 041: kilo 86, malipo ghafi 258,000, makato 17,200, malipo halisi 240,800
Hati 042: kilo 154, malipo ghafi 462,000, makato 30,800, malipo halisi 431,200
Hati 043: kilo 63, malipo ghafi 189,000, makato 12,600, malipo halisi 176,400
Jumla: kilo 303, malipo ghafi 909,000, makato 60,600, malipo halisi 848,400

Sasa tupime. Jumla ya malipo ghafi ukitoa jumla ya makato, yaani 909,000 kutoa 60,600, ni 848,400. Jumla ya safu ya malipo halisi kwenda chini nayo ni 848,400. Tena kilo 303 mara 3,000 ni 909,000, na kilo 303 mara 200 ni 60,600. Jumla imefikiwa kwa njia tofauti, na zote zimekutana mahali pamoja. Njia moja ikikataa, iko namba katika ukurasa huo ambayo haijakaa mahali pake, na ukurasa usitiwe sahihi.

Kumbukeni pia kufunga kila ukurasa kwa jumla yake, na kuichukua jumla hiyo hadi ukurasa unaofuata. Kosa lililofungiwa katika ukurasa mmoja hupatikana upesi. Lililoachwa lizurure katika kurasa arobaini huchosha hata mkaguzi.

8. Kalkuleta, simu na kompyuta

Hatusemi turudi kwenye kasha la chuma. Kalkuleta ni nyepesi, na kompyuta hufanya kwa nukta moja kazi ya siku nzima. Bali yatupasa tujue kila chombo kimeacha nini nyuma.

Kalkuleta ya mfukoni na ile ya simu ni ndugu wa mashine ya Felt: huonyesha jibu, na kwa kawaida haziachi ukanda. Namba iliyoingizwa vibaya imepotea mara tu kitufe kilichofuata kilipobonyezwa. Anayeitumia na ajumlishe mara mbili, mara ya kwanza kutoka juu kwenda chini na mara ya pili kutoka chini kwenda juu, kwani njia iliyogeuzwa haimrudishi kirahisi katika kosa lile lile. Ikiwezekana mara ya pili ifanywe na mtu mwingine, na majibu yote mawili yaandikwe na kutiwa sahihi.

Jedwali la kompyuta huonyesha namba zote kama ukanda, lakini lina udhaifu wake. Fomula ya jumla hujumlisha mistari iliyoamriwa tu. Mstari ulioongezwa baadaye chini ya mpaka wa fomula waweza kuonekana kwa macho na usihesabiwe. Tena namba katika jedwali yaweza kubadilishwa bila kuacha kovu, tofauti na wino juu ya karatasi. Kwa hiyo orodha ya malipo ichapwe, mistari ihesabiwe, jumla ithibitishwe kwa kalkuleta, na nakala iliyotiwa sahihi ihifadhiwe. Mkaguzi wa ndani, au wa nje kutoka COASCO, atakapokuja, ataomba nyayo za kufuata.

Naye mwanachama ana wajibu wake. Stakabadhi ndiyo ukanda wa mkulima. Asikubali kupima bila kuipokea, aisome hapo hapo mizanini, ahifadhi mahali pakavu. Auzaye kwa kangomba, kwa bakuli njiani na bila karatasi, hana ukanda wowote. Akidhulumiwa hana pa kuanzia kudai.

9. Taratibu sita za kubandika ukutani

Kwanza: Anza na sifuri. Futa kalkuleta, na uonyeshe salio la mwanzo.
Pili: Hesabu hati kabla ya kuhesabu kilo, idadi iandikwe juu ya orodha.
Tatu: Tazama kabla ya kuvuta. Linganisha namba uliyoingiza na hati kabla ya kuendelea.
Nne: Jumlisha chini na pembeni, na ufunge kila ukurasa.
Tano: Mtu wa pili aweke alama ya vema kila mstari, akishika stakabadhi mkononi.
Sita: Tofauti iandikwe na kutafutwa. Usiongeze wala kupunguza namba ili jumla ikubali.

Maswali ya kujipima

(a) Katika mfano wa hati tano, katibu amepata jumla ya 682 badala ya 628. Tofauti ni ngapi, na yagawanyika kwa 9? Baada ya kupima kila hati, je, kosa liko katika hati au katika kunakili jumla yenyewe?

(b) Katibu mwingine amepata jumla ya 565. Ni hati gani imerukwa? Je, tofauti hiyo nayo yagawanyika kwa 9? Umejifunza nini kuhusu utaratibu wa maswali?

(c) Hati 043 imeandikwa 36, na hati 044 imeandikwa 244. Jumla ni ngapi? Ni utaratibu upi kati ya sita utakaolifichua kosa hilo?

(d) Katika chama chenu, ni nani mtu wa pili? Anapewa muda gani wa kufanya kazi yake kabla ya gari kuondoka kwenda ghalani?

Swali la mwisho lisijibiwe na katibu peke yake. Lisomwe katika mkutano wa bodi kabla ya msimu, na jibu lake liandikwe katika muhtasari.

Mkaguzi wa Ushirika